Bwana Harusi Juu ya Zege Bichi

Tulimwacha Sabra katikati ya barabara, bendera nyekundu mkononi, na gari jeupe lililopambwa maua limesimama karibu limguse magoti. Mlango wa nyuma ulikuwa unafunguka. Wiki nzima watu wa Mabawa na Ngamiani wamebishana ni nani atakayeshuka. Msigombane tena. Alishuka Nasri.

Alishuka taratibu, kwa sababu joho lilikuwa refu na kamera ilikuwa inarekodi. Kilemba kilikaa vizuri, jambia kiunoni, na usoni alikuwa na lile tabasamu analolitumia redioni kila asubuhi anapowaambia watu wa Tanga kwamba foleni wanayoiona si foleni, ni mwendo wa tahadhari.

Aliyeanza kusoma leo na ajue hivi. Kampuni inajenga upya mikono ya daraja la barabara kuu. Mikono ndivyo watu wanavyoziita zile njia za kupandia na kushukia. Kampuni iliahidi kwamba kazi yote itafanyika huku magari yakipita kama kawaida, na kweli yanapita. Yanapita kwa zamu, wa juu wakiwasubiri wa chini, kwenye mkono mmoja wa zamani uliobaki upande huu. Mwenye baiskeli wa Ngamiani huwahi sokoni, akanunua samaki, akarudi, akampungia jirani yake aliye ndani ya gari palepale alipomwacha. Zamani tulijisifu kuhusu mji wetu, waja leo, waondoka leo. Siku hizi waja leo, na kuondoka kwako kuko mikononi mwa Sabra.

Maana Sabra ndiye msimamizi wa mwendo wa magari pale darajani. Nasri ndiye msemaji wa kampuni. Kabla hajawa msemaji alikuwa mchumba wa Sabra, posa imepokewa na wazee wameshakula pamoja, mpaka alipopewa ofisi yenye kiyoyozi akagundua kwamba hawezi kuoa mwanamke anayekwenda kazini na buti. Leo, baada ya sala ya alasiri, alikuwa anakwenda kumuoa Mwanasiti, mwalimu wa sekondari, binti wa watu wa Ngamiani, ambaye hana buti.

Na kwa kuwa msemaji hakosi la kusema, alikwisha kutangaza kwamba msafara wake wa harusi ndio utakaokuwa wa kwanza kushuka kwa mkono mpya, ili mji uone kwa macho kwamba kazi imekwisha kabla ya wakati. Kila mtu alipata taarifa hiyo, isipokuwa zege.

Asubuhi ya siku hiyo Sabra aliingia chini ya mkono mpya, akakuta jeki za chuma zilizokuwa zikiushikilia zimeondolewa zote, na zege juu yake bado bichi. Ndiyo sababu alisimama barabarani. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa tayari kusimama.

Nasri alimsogelea, akainamisha kichwa kama mtu anayetoa rambirambi.

"Sabra, ungeniambia tu kwamba bado wanipenda," alisema. "Tungezungumza kama watu wazima."

Sabra alimweleza habari za jeki. Akamwambia mkono wa zamani uko palepale, apange foleni kama waja wengine wa Mungu, zamu yake itafika na mke wake hatatoroka.

Neno foleni ndilo lililomchoma. Nasri angewezaje kusimama kwenye foleni ambayo yeye mwenyewe alikwisha kuitangazia nchi nzima kwamba haipo?

Nyuma ya gari la bwana harusi kulikuwa na basi dogo la kina mama, na nyuma ya basi pikapu ya wapiga matarumbeta. Kina mama walipoona msafara umekwama walishuka na vigelegele vyao, na mbele yao alikuwa Bi Mwanahawa, shangazi yake Nasri aliyemlea tangu utoto. Alikuja akiwa amekunja mikono ya baibui, maneno yamemjaa mdomoni. Sabra alimuwahi kwa shikamoo. Bi Mwanahawa ilimbidi ameze yote aliyoyaandaa, aitikie marahaba kwanza, kisha ndipo aanze kumtukana. Mila ni kitu kizuri sana.

Alimwita mwanamke mwenye wivu. Akasema aliachwa kwa haki, na aliyeachwa hukaa kwao, haendi kuziba barabara za serikali. Kina mama wakaitikia kwa wimbo walioutunga hapohapo, wenye mafumbo kuhusu kuku aliyekosa mtama. Simu zote zilikuwa juu zikirusha matangazo. Sabra alisikia uso unamwaka moto. Alijua wanavyomwona. Alijua kwamba hata akisema kweli tupu, itasikika kama kilio cha mwanamke aliyeachwa, na kwamba ukweli wa zege utapimwa kwa habari za moyo wake. Bendera hakuishusha.

Hapo akafika Mhandisi Wilfred, mkuu wa mradi, amevaa suti na kofia ngumu mpya isiyojua vumbi. Alitangaza mbele ya kamera kwamba mkono huo ni salama na umepimwa. Sabra alimuuliza jeki ziko wapi. Mhandisi akajibu kwamba zimeondolewa kwa sababu kazi yake imekwisha. Sabra akauliza kazi imekwishaje ilhali zege halijakaza. Mhandisi akasema hilo ni zege la kisasa.

Zege la kisasa, inaonekana, hukaushwa na matangazo.

Sabra aligeuka akamwita Lucas, msimamizi wa mafundi wa zege. Lucas ni mtu wa Lushoto, mzee wa kanisa, baba wa watoto wanaosoma, na hajawahi kusikika akisema uongo wowote pale darajani. Sabra alimuuliza mbele ya wote kama mkono ule unaweza kubeba gari. Lucas alimtazama mhandisi, akazitazama buti zake mwenyewe, akasema yeye ni fundi tu, mambo hayo aulizwe mkubwa. Kisha akashuka ngazi za pembeni, akaenda zake.

Katika maneno yote ya mchana ule, hayo ndiyo yaliyomuuma Sabra kuliko matusi ya shangazi. Hakumlaumu, mtu ana nyumba ya kulisha. Lakini sasa alikuwa peke yake kabisa.

Ndipo simu ya Nasri ilipoita.

Alikuwa Mwanasiti. Alikuwa amekaa ndani kwao Ngamiani, hina na piko mikononi, amezungukwa na mashoga zake, na wote walikuwa wakitazama matangazo ya darajani kwenye simu. Nasri alifurahi. Aliweka sauti kubwa na kuiinua simu juu, ili Tanga yote isikie mke mtarajiwa anavyomshukia mwanamke wa buti.

Mwanasiti hakumshukia mtu. Aliomba azungumze na dada mwenye bendera.

"Dada, mwenzangu wamzuia kwa nini?"

"Namzuia asianguke," alisema Sabra. "Angekuwa mwingine ningemzuia vilevile."

 

"Nasri," alisema Mwanasiti, "njia ni nzima?"

"Nzima kabisa, mpenzi."

"Basi shuka nayo peke yako kwanza. Kina mama wabaki juu. Ukifika chini salama, mimi nitakupokea na huyo dada nitamwambia mwenyewe aondoke."

Lilikuwa ombi dogo. Mtu ambaye kila siku anawaambia maelfu ya wenzake kwamba njia ni salama anaombwa apite juu yake, tena akiwa ndani ya gari lenye maua. Nasri aliutazama mkono mpya. Ulikuwa mweupe, mzuri, umepakwa mistari ya rangi. Akaanza kuzungumza kuhusu utaratibu wa harusi. Alisema bwana harusi hatangulii, kwa desturi matarumbeta ndiyo hutangulia, na yeye si mtu wa kuvunja desturi.

Basi wapiga matarumbeta wakaambiwa watangulie. Mpiga ngoma kubwa akashuka kwenye pikapu na ngoma yake, akieleza kwamba si mali yake, ameazima. Wenye tarumbeta wakashuka kumsaidia kuishika. Dereva alipojikuta peke yake aligundua kwamba gari lilikuwa na mlio fulani usio wa kawaida, akafunua boneti na kujificha nyuma yake. Mhandisi Wilfred naye aliombwa atangulie kwa miguu, akapokea simu ya dharura kutoka makao makuu. Simu hiyo haikuwa imeita.

Bi Mwanahawa aliangalia mambo haya mpaka yakamchosha.

"Nimezika waume wawili," alisema. "Siwezi kuogopa barabara."

Akakusanya baibui lake, akapita pembeni ya kizuizi, akaanza kushuka kwa mkono mpya kwa hatua za maringo, huku akiwageukia kina mama awaonyeshe jinsi wivu wa mwanamke mmoja unavyoweza kutisha wanaume wazima. Nasri alimwona. Alikuwa karibu naye kiasi cha kumshika bega. Shangazi aliyemnyonyesha maziwa ya kopo usiku wakati mama yake alipofariki alikuwa anatembea juu ya kitu ambacho yeye mwenyewe amekikataa, na hakutamka hata neno moja. Aliendelea kuishika simu juu.

Sabra alitupa bendera akakimbia.

Aliisikia sauti kabla hajamfikia, kavu, kama muwa unaovunjwa gotini. Ufa ulitokea mbele ya viatu vya Bi Mwanahawa, mwembamba, ukatambaa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Shangazi alisimama akiutazama, kwa mshangao zaidi kuliko woga. Sabra alimkamata kiunoni kwa nyuma, akamvuta kwa nguvu zake zote, wakarudi kinyumenyume hadi kwenye daraja lenyewe, na hapo wakaanguka pamoja, shangazi juu, buti chini.

Mkono mpya uliinama taratibu, kama mtu anayesalimia wageni wa heshima. Halafu ukaenda chini wote, na vumbi likapanda mpaka kwenye maua ya gari la bwana harusi.

Hakuna aliyeumia. Chini hapakuwa na mtu, kwa sababu asubuhi ileile Sabra alikuwa amewaondoa wauza matunda na kufunga utepe, akitukanwa kwa hilo pia.

Vumbi lilipotua, Bi Mwanahawa alikuwa bado ameketi mapajani mwa Sabra, ushungi umeteleza, anahema. Alimgeukia binti aliyekuwa akimwita kuku. Alimtazama kwa muda, akampangusa vumbi usoni kwa ncha ya ushungi wake.  

Sauti iliyosikika ilitoka kwenye simu ya Nasri, ambayo kumbe haikuwa imekatwa.

"Nasri," alisema Mwanasiti. "Usije. Si kwa njia mpya, wala ya zamani."

Akakata.

Mnafikiri basi, mambo yameisha, mwovu ameumbuka na mwema amepongezwa. Nyinyi mmeishi nchi gani?

Mhandisi Wilfred alijifuta vumbi kwenye suti, akaisogelea kamera, akatangaza kwamba hii ni hujuma. Alisema kuna mtu mwenye kinyongo aliyeziondoa jeki ili kuharibu harusi na kuuchafua mradi. Akauliza, kwa huzuni kubwa, ni nani aliyekiri kwa kinywa chake kwamba asubuhi alikuwa chini ya mkono? Muda mfupi kabla ya hapo yeye mwenyewe alikuwa amesema mbele ya kamera hiyohiyo kwamba jeki zimeondolewa kwa kuwa kazi yake imekwisha. Lakini hayo yalikuwa ya kabla ya vumbi, na vumbi husahaulisha mengi.

Aliyetakiwa kumkamata Sabra alikuwa Afande Robert, askari wa usalama barabarani aliyepangiwa kuusindikiza msafara. Afande Robert ni mtu wa sheria. Hata baiskeli yake ina taa mbili na kengele. Hakuipenda kazi aliyopewa, ilionekana usoni, lakini mkuu wa mradi alikuwa analalamika na mtuhumiwa alikuwa hapo. Akamwomba Sabra, kwa adabu, aingie kwenye gari la polisi waende kituoni. Mhandisi na Nasri nao wakaingia, kwa kuwa wao ndio walalamikaji. Bi Mwanahawa akaingia bila kuitwa, akaketi katikati yao, akasema kama huyu binti anakwenda kufungwa basi na yeye anakwenda, na anayetaka kumshusha amshushe kwa mikono yake. Hakuna aliyejaribu.

Kituo kiko upande wa Ngamiani. Kufika huko lazima ushuke kwa mkono wa zamani. Na kushuka kwa mkono wa zamani kunataka mtu wa bendera, naye alikuwa kiti cha nyuma chini ya ulinzi.

Nasri akaona nafasi ya kuokoa heshima yake. Alishuka, akaziokota bendera za Sabra, nyekundu na kijani, akasimama na joho lake katikati ya barabara. Hapo lilijitokeza jambo ambalo kampuni ilipaswa kulijua. Msemaji hawezi kumwambia mtu yeyote hapana. Wa juu walipopiga honi akawainulia kijani. Wa chini walipopiga honi akawainulia kijani pia, na tabasamu juu yake. Basi lililokuwa linatoka Lushoto na lori lililojaa mkonge vilikutana uso kwa uso katikati ya mkono, na nyuma ya kila kimoja magari yakajipanga kama shanga. Madereva wakaanza kutajiana wazazi. Wenye baiskeli walipita katikati yao wakiuliza hali za nyumbani.

Afande Robert alivumilia kwa kadiri ya uwezo wake. Kisha akafungua mlango wa nyuma na kumpa mtuhumiwa bendera zake.

"Dada, hebu tutoe hapa kwanza," alisema, "halafu nitakukamata."

Sabra aliifanya kazi aliyoijua. Aliwarudisha wa chini mmojammoja kwa kinyumenyume, lori la mkonge likiwa la mwisho kukubali. Akalirudisha basi juu. Alimfokea dereva mmoja, akambembeleza mwingine, na hakuna aliyemkumbusha kwamba alikuwa mshukiwa. Alipokuwa akifanya hayo aligundua kwamba moyo wake umetulia. Alimtazama Nasri aliyesimama pembeni, kilemba kimepinda, akatafuta ndani yake yale maumivu ya siku zote, akaona hayapo tena. Kilichobaki kilikuwa kama kumuona mtu uliyesoma naye, ambaye jina lake halikujii vizuri.

Njia ilipokuwa nyeupe, Afande Robert alimwambia kwamba watatangulia kumsubiri chini, yeye amalizie magari kisha afuate kwa miguu ajisalimishe. Pengine ndiyo mara ya kwanza katika mkoa wetu mtuhumiwa kujileta mwenyewe kituoni baada ya kumruhusu askari wake kupita. Sabra akainua kijani. Gari la polisi likaanza kushuka kwa mkono wa zamani, na ndani yake mhandisi, bwana harusi asiye na harusi, na shangazi aliyekataa kushuka. Basi la Lushoto likajongea kulifuata.

Hapo akasikia jina lake linaitwa kutoka kwenye ngazi za pembeni.

Alikuwa Lucas. Alipanda akikimbia, mtu mzima, kofia imemdondoka njiani, na machozi yakimtiririka bila yeye kujali nani anaona. Alimshika Sabra mkono kama mtu anayezama. Akamwambia kwamba ni yeye aliyeziondoa jeki alfajiri, kwa amri ya Mhandisi Wilfred, ili picha za harusi zitoke safi. Akamwomba msamaha kwa kumkana. Sabra alimwambia ameshamsamehe, atayasema hayo kituoni, yatosha. Lucas akatikisa kichwa.

"Hujanielewa," alisema. "Aliniambia nitoe jeki zote zitakazoonekana kwenye picha. Nimetoa zote, Sabra. Hata za mkono wa zamani."

Tangu walipochimba msingi mpya pembeni yake, mkono wa zamani nao ulikuwa umesimama kwa msaada wa jeki. Mchana kutwa magari yalikuwa yamepita juu yake bila hizo jeki. Yeye Sabra ndiye aliyeyapitisha.

Aligeuka. Gari la polisi lilikuwa limekaribia katikati. Magurudumu ya mbele ya basi, lenye abiria waliojaa mpaka mlangoni, yalikuwa yameanza kuingia. Kule chini lori la mkonge lilikuwa limechoka kusubiri na linapanda.

Sabra hakuwa na muda wa kufikiri. Aliruka juu ya ukuta wa pembeni ili aonekane na wa juu na wa chini, akainua bendera nyekundu kwa mikono miwili, juu kabisa ya kichwa chake. Kwa mara ya kwanza tangu mradi uanze, magari hayakupita kama kawaida. Basi lilifunga breki, likarudi nyuma. Lori lilifunga breki, likarudi nyuma.

Afande Robert, mtu wa sheria, aliiona bendera nyekundu kwenye kioo chake. Akakanyaga breki katikati kabisa ya mkono wa zamani, akazima injini, akashusha kioo, na kusubiri aruhusiwe kupita.